Mgeni wa Dirisha la Nne

Jina langu Mgeni. Bibi wa Makunduchi ndiye aliyenipa,
kwa kuwa nilizaliwa nyumba imejaa watu wa Mwaka Kogwa
na mama hakubakiwa hata na pembe ya mkeka ya kulilia.
Sasa nakaa dirisha la nne, uwanja wa ndege, Kisauni,
na kila afikaye mbele ya foleni huisoma beji yangu kifuani
asijue kuwa imemsema yeye.

Alfajiri hii imeshuka ndege ya Adis.
Feni ya juu imekufa tangu Jumatatu.
Kasimama mwanamke, pua nyekundu kabla ya jua,
na paspoti rangi ya zambarau iliyoiva,
kinubi cha dhahabu juu ya jalada.
Nchi gani hii, nasema moyoni,
isafirio na ala yake
kama mpiga ganuni aendaye harusini?
Ayalandi.

Miezi sita ya uhai wa paspoti? Ipo, na siku tisa juu.
Kadi ya homa ya manjano? Ipo, imelowa jasho.
Bima ipo. Tiketi ya kurudi ipo,
ila tiketi inasema Grace O'Donnell
na paspoti inasema Gráinne Ní Dhomhnaill,
vijiti vimetua juu ya herufi
kama kunguru juu ya waya wa umeme.

"Ni mimi," anasema. "Wote wawili ni mimi."
Anaeleza, kidole kinatetemeka juu ya kioo:
hiyo Ní ni kama kusema binti wa.
Hilo jingine waliandikiwa na watu
waliosikia kwa masikio yao wenyewe.

Ningemwambia. Cheti changu cha kuzaliwa, Mgeni Haji.
Kitambulisho, Mgeni Haji Vuai.
Skuli waliniongezea herufi, nikawa Mgheni,
nami nimeshakula kiapo mara mbili
kwamba hawa watatu wanalala kitanda kimoja.
Ningemwambia, lakini fomu haina kisanduku cha hayo.

Nikamkumbuka kaka yangu Makame,
afundishaye wazungu kuzamia, Nungwi.
Alialikwa harusi huko huko kwao huyu.
Wakataka taarifa ya benki, barua ya mwajiri,
barua ya mwalikaji, picha bila kofia,
na uthibitisho kwamba atarudi.
"Dada," akaniuliza, "wewe ndiye mtu wa mihuri.
Kurudi huthibitishwa na nini?"
Tukaandika: mke, watoto watatu,
shamba la muhogo, mbuzi wawili.
Nikamshauri awafute mbuzi, wasije wakatucheka.
Wiki ya saba likaja jibu: hatukuridhika.
Akaikunja ile barua mara nne, akasema,
"Labda tungewaacha wale mbuzi."

Wahenga: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Viza ya matembezi: siku tisini,
na jembe marufuku kulishika.
Sijui nani kati yao alikuwa mkarimu zaidi.

Foleni inakohoa. Mtoto analia kwa lugha isiyohitaji viza.
Bwana Kombo, mkuu wa zamu, anapita na chai yake:
"Kuna nini, Mgeni?"
"Naam," nikasema,
na yeye, aliyejifunza maneno kumi ndani ya ndege,
akadhani kaitwa, naye akasema, "Naam?"

Bwana Kombo akatutazama mmoja mmoja, akaenda zake.

Nikashika kalamu. Nikaandika majina yote mawili,
moja juu ya jingine, mtu mmoja,
vile vijiti nikavitia kimoja kimoja
wasije wakaruka.
Nikagonga muhuri, meza ikaitika.

"Unafikia wapi?"
"Nungwi."
"Yupo mtu huko anafundisha kuzamia, Makame.
Ukimwona, muulize mbuzi hawajambo."