Tarakimu Iliyoliwa na Mende

Miaka ishirini na minane nilikagua mizani Kariakoo,
mawe ya kilo yaliyotobolewa tumbo,
lita zilizopungua funda moja.
Kwa hiyo msinidai mizani humu ndani.
Leo nimekuja kula.

Mkahawa uko Upanga, nyuma ya Mtaa wa Mindu,
meza sita, feni mbili, moja inalalamika.
Chilongani kaleta chupa ndani ya soksi ya mwanawe,
Theopista yake kaifunga kwa kitenge.
Yangu imetoka kwenye ndoo ya mchanga
iliyokaa uvunguni mwa kitanda,
mahali penye ubaridi kuliko pote Tabata,
na ubaridi hapo ni neno la adabu tu.

"Divai," anasema Theopista, "ni ya altareni.
Hii ya mezani ni mvinyo."
"Zabibu ni ileile," anajibu Chilongani, mtoto wa Hombolo.
"Baba alijaza tenga, akafunga kamba.
Hakuuliza linakwenda kwa padri au kwa mlevi."

Ya Chilongani ikafunguliwa kwanza.
Siki.
Siki ya kukunja uso hadi kisogoni.
Subira huvuta heri, walitufundisha;
hawakututajia vingine inavyovuta.
Chilongani hakusema kitu.
Akaivuta sahani ya kachumbari,
akamimina juu ya vitunguu,
tukala, na kachumbari ile
tangu nipate meno sijaonja mfano wake.

Ya Theopista ilikuwa nzuri
na ikaisha kabla mbuzi hajafika.

Yangu, kizibo kikakatikia shingoni.
Abdulrazaki anayetuhudumia hanywi,
baba yake anaadhini Magomeni,
lakini kijana ana mikono ya fundi saa.
Akaleta chujio la chai,
akachuja polepole
kama anayemhamisha kitandani mtoto aliyelala.
Wekundu ulishaondoka.
Ilibaki rangi ya tofali lililonyeshewa,
na ukingoni mwa glasi
rangi ya kanga iliyofuliwa mara mia.

Tukanusa, tukatafuta maneno.
Chilongani akasema tumbaku.
Theopista akasema udongo, kisha akajirudi,
akasema kahawa mbichi, kisha akanyamaza.
Mimi nikasema ngozi ya viatu, nikaona aibu.
Abdulrazaki akakiokota kipande cha kizibo,
akakisogeza puani:
"Sanduku la bibi," akasema,
"likifunguliwa asubuhi ya Idi."
Akaenda zake kufuata ndizi.
Wanywaji watatu wazima
tukabaki tunatazamana.

"Ya mwaka gani?"
Lebo ilikuwa imeliwa na mende:
elfu moja mia tisa tisini na,
halafu tundu.
"Nane," akasema Chilongani, "baada ya zile mvua za Elnino.
Nusu ya shamba ilioza, nusu ikatoa sukari ya ajabu."
Akaanza kusimulia matuta, mifereji,
shangazi yake aliyelala juu ya paa.

Theopista alikuwa anaizungusha glasi bila kunywa.
Kwao ni Bukoba.
Kaka yake alipanda meli Mei ya tisini na sita.
"Isiwe sita," akasema,
kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi.

Nami, niliyefunga maduka kwa gramu tano,
niliyerudisha kuku wa rushwa akiwa hai na kamba mguuni,
nikavaa miwani,
nikaiinua chupa kwenye taa,
nikalisoma lile tundu kwa makini.
"Nane," nikasema.
"Inaonekana kabisa. Angalia mkia wake huu hapa."

Akaangalia. Akakubali.
Akanywa, akafumba macho,
akasema ni kweli, lile sanduku, anaisikia hadi kufuli yake.

Mbuzi akaja, mgumu kidogo.
Tukaomba pilipili.
Chini ya chupa yalibaki mashapo
kama nusu kijiko, au zaidi.
Sikupima.