Ukurasa wa Sitini na Mbili

Umeme wa Kadutu huja saa nane za usiku
kama mtu mwenye deni, asiyetaka kuonwa na jirani.
Nimeungoja nimevaa koti,
kompyuta magotini, betri yake ilikufa zamani.
Nina saa tatu, pengine mbili.
Pembeni liko daftari la Cikuru, fundi wa pampu,
jalada limelowa grisi, linanuka chuma chenye kutu.

Miaka kumi na tisa aliandika humo:
lini vali ilibadilishwa, nani aliiba bomba la Cimpunda,
mchoro wa gasketi aliyoikata kwenye ndala ya mkewe.
Nimelihamisha neno kwa neno
kwenye faili za maandishi matupu:
alama moja ya reli kwa kichwa, mbili kwa kichwa kidogo,
nyota huku na huku
pale alipokandamiza kalamu hadi karatasi ikatoboka.

Kuna tovuti zinazowasha jiko mgeni akishabisha hodi.
Hii yangu sivyo.
Inapika usiku, mara moja, umeme ukiwapo;
asubuhi moto umezimwa, sufuria imefunikwa,
anayefika anapakua.
Wenyewe wanaziita kurasa tuli.
Nilipomtajia Cikuru jina hilo alicheka kwenye simu:
"Tuli? Maji yakitulia bombani, binti,
hapo ndipo nilipokuwa naitwa."

Natoa amri.
Inakataa.
Mstari wa kumi na nne, faili la mipangilio:
nafasi moja imezidi.
Nafasi! Kitu kisichokuwapo, utupu mtupu,
umeangusha kurasa arobaini na moja.
Napitisha kidole kwenye kioo kama anayetafuta chawa.
Naufuta utupu.
Natoa amri tena.

Sekunde mbili.

Miaka kumi na tisa, sekunde mbili.
Nilitaka kufurahi, nikaona haya.

Menyu imejipanga kushoto, imenyooka,
nami naishi kwenye mlima usiojua kunyooka,
ambako mlango wangu unatazama bati la jirani
na bati langu ni uwanja wa watoto wa juu.
Nilikuwa nimeweka vichwa vinne:
Kufunga. Kuwasha. Kusafisha. Kutengeneza.
Lakini hili ningeliweka wapi?
"Pampu ya tatu usiiguse kabla haijakohoa mara mbili.
Ikikohoa mara moja, mwite Nshobole, ana mkono mwepesi."
Nshobole alishahamia Uvira.
Nikafungua kichwa cha tano: Kikohozi.
Kina ukurasa mmoja tu, na jina la mtu asiyekuwapo.

Kisha onyo, la njano, chini kabisa:
ukurasa wa kumi na tisa unaelekeza pasipo na kitu.
Narudi daftarini. Kweli, mkono wake mwenyewe:
"Maji yakikatika mtaa mzima, tazama uk. 62."
Baada ya sitini na moja
kuna meno ya karatasi, halafu sitini na tatu.

Saa kumi na moja nikampigia.
"Sitini na mbili?"
Akanyamaza. Nyuma yake soko la Nyawera lilikuwa linaamka,
mtu anaburuta meza, mtu anadai chenji ya jana.
"Mke wangu alifungia sambaza," akasema,
"mwaka ule wa mvua nyingi."
"Basi ulisambaza kabla yangu."
Hakucheka. Alikuwa amekwisha kuanza kukumbuka:
kwanza vali ya juu, hapana,
kwanza ya Nyamugo, robo mzunguko, usizidishe,
usikilize, halafu ndiyo ile ya juu,
halafu...

Umeme ukaondoka bila kuaga.
Kioo cheusi. Karatasi siioni ilipo.
Cikuru anaendelea kusema, na mimi nimepata kalamu.

Kwa hiyo tovuti ina kurasa arobaini na moja
na shimo moja.
Ukurasa wa sitini na mbili, kwa sasa,
uko kwenye kiganja changu cha kushoto.
Sijanawa.
Hata hivyo, maji hayajarudi.