Tarehe ya Kuanza Kumiliki

Fomu ya ardhi ina visanduku vinane:
viwili vya siku, viwili vya mwezi, vinne vya mwaka.
Nimeifungua kwenye kishikwambi, nimesimama dakani
kwa Bi Mwanakheri binti Shee, Langoni,
jasho limenishonea shati mgongoni.

Nyumba hii, mama, mliipata lini?

"Kae."

Kale ya lini?
"Kae na kae, mwanangu."
Akaendelea kuchambua mchele
kana kwamba amenipa siku, mwezi na mwaka.

Nikajaribu kumsogeza karibu.
Kabla ya uhuru? Akacheka. Uhuru ni juzi.
Mumewe naye alikufa juzi,
jiwe la kaburi lasema themanini na moja.
Juzi walipaka vidaka chokaa,
juzi maji ya kisima yaligeuka chumvi.
Kwenye jedwali langu la kazi, juzi ni Jumanne.

Aliona nimekwama, akanihurumia.
Akatenga chuya upande mmoja wa uteo:
"Kitambo, wewe huko, mimi niko.
Zamani, mimi siko, lakini nilimkuta alokuwako.
Kae, alokuwako kafa,
na alomsikia kafa,
limesalia neno, na hizi boriti."
Akainua kidevu kuelekea darini.

Na azali?
"Hiyo usiiandike. Hiyo ina Mwenyewe."

Ofisini tuna dawa ya wazee wa namna hii:
moja, Januari, elfu moja mia tisa.
Mfumo unakubali bila kuguna.
Ndiyo maana nusu ya mtaa imezaliwa siku moja,
jumba la matumbawe
na kibanda cha mabati cha kuuzia simu,
mapacha wasiojuana.

Kidole changu kilikuwa tayari juu ya ile moja.
Lakini mimi ni wa Ganda, nje kidogo ya Malindi,
na babu yangu alipoulizwa alijibu:
mwaka ule wa nzige.
Afisa wa siku hizo hakuwa na kisanduku cha nzige.
Shamba likamwendea mtu mwenye tarehe.
Mikorosho bado ipo, tunaiona tukipita na basi.

Nikaruka swali, nikaenda la warithi.
Mtoto mmoja tu, Famau. Yuko Doha.
Aliondoka lini?

Uteo ukasimama.
"Kae," akasema,
sauti ile ile, wala hakuinua kidevu.

Nikatazama hati ya uwakala
aliyotia saini kijana kabla ya safari:
miaka minne na miezi miwili.
Sikumsahihisha.

Nikateremka hadi Maelezo Mengine,
mahali ambapo hakuna karani anayeandika kitu,
nikaliandika vile vile lilivyotoka kinywani mwake,
bila lamu ya katikati: kae.
Mashine ikalipigia mstari mwekundu.
Nikaligusa nione kosa.
Ikapendekeza: kaa.

Binti wa jirani alikuwa ametoka na sinia,
vikombe viwili, halwa kwenye kipande cha karatasi.
Punda walikuwa wameziba kichochoro,
wamebeba saruji ya mtu mwenye haraka.

Nikavua viatu.