Kofi Moja

Kabatini, kati ya makoti matatu ya baridi,
ndiko nilikoambiwa nikasemee.
Binti Desjarlais wa maktaba, miaka kumi na tisa,
pete puani, subira ya mfuma mkeka,
alinieleza: sauti haipendi ukuta mtupu,
inaugonga na kukurudia imechoka.
Makoti yataimeza hiyo mirejeo.
Nikacheka. Miaka minane hapa Winnipeg
nimeyavaa makoti haya kama kifungo.
Kumbe nilivaa studio.

Ujiji nilikuwa fundi redio, sokoni,
meza ya tatu kutoka kwenye mizani ya dagaa,
risasi ya kulehemu ikinuka vidoleni hadi kwenye ugali.
Nikiifungua redio, kosa naliona:
waya umekatika, unaonekana umekatika;
kapasita imevimba kama shavu la mwenye jino.
Huku kosa halina mwili.
Picha inaganda, kiduara kinazunguka, kinazunguka,
nami naipulizia laptopu vumbi lisilokuwapo.

Jumanne ya kwanza nilisahau kuwasha maikrofoni.
Dakika arobaini nimefundisha bubu.
Jumanne ya pili sauti ipo, picha ipo,
ila haziongozani: neno limeshafika,
mdomo ungali njiani, umeachwa na basi.
"Piga kofi," akasema binti. "Moja tu, mbele ya kamera.
Pale viganja vinapokutana
na pale mlio unapochomoza kwenye mstari,
hapo ndipo unapozifunga."

Nyumbani, digrii thelathini chini ya sifuri dirishani,
nikapiga.
Kwenye skrini mlio ukasimama mwembamba kama msumari,
na nyuma ya msumari nikamwona Hamimu.

Mwanafunzi wangu, miaka kumi na miwili.
Aliunguza transfoma ya redio ya mwalimu mkuu,
nami mbele ya wateja: kofi moja.
Hakulia. Aliokota koleo, akairudisha mahali pake,
akafuta meza, akatoka.
Kesho yake hakuja. Wala keshokutwa.
Nikasema sokoni kwamba watoto wa siku hizi hawana adabu,
na watu wakaitikia.

Jumanne ya tano nikaenda hewani.
Redio kuukuu ya dola nne, mtumba wa barabara ya Sargent,
mgongo wazi juu ya ubao wa kupigia pasi.
Watazamaji wawili. Mmoja ni mke wangu, chumba cha pili;
najisikia ukutani nikijirudia,
sekunde ishirini nyuma ya nafsi yangu.
Kisha watatu. Kisha maandishi:
"Fundi, huo waya mwekundu umeugeuza."
Nikatazama. Kweli nimeugeuza.
Jina lake: Hamimu Elektroniki, Kigoma.

Chuma cha kulehemu kikafuka moshi peke yake.
Maneno nilikuwa nayo, nimeyapanga na kuyapangua
zamu ngapi za usiku, bekari, nikigeuza trei.
Yakanitoka mafupi:
"Hamimu. Lile kofi. Nisamehe."

Halafu zile sekunde.
Binti alishanionya kwamba haziondoki,
kila kirushwacho hulipa nauli ya njiani.
Hapa saa sita mchana, kwake saa tatu usiku.
Nikahesabu. Makoti yalinuka theluji iliyoyeyuka.
Ishirini ikapita. Kwenye thelathini
nikainama kutazama taa za intaneti, zote zinawaka.
Mke wangu chumba cha pili amezima sauti,
nadhani kwa heshima.
Karibu na hamsini yakaingia:

"Sauti yako iko chini, fundi.
Ongeza kidogo. Tupo wengi hapa dukani."