Fimbo ya Kusikilizia

Miaka ishirini na sita nimefukua mabomba ya Tukuyu,
toka Bulyaga hadi Makandana,
tope jeusi likiganda kwenye kucha,
nisijue kwamba nyuma ya kifua
nimebeba la kwangu, la inchi moja,
ambalo bitana yake ilichanika Jumanne
nikiwa nimeinamia koki ya watu.

Hawakulichimbua. Walipenya kinenani,
wakapandisha mrija wa waya na kitambaa
ndani ya mshipa, kama sisi tunavyovisha
bomba jipya ndani ya bomba bovu
pale lami isiporuhusiwa kuvunjwa.
Niliwaelewa kuliko walivyodhani.

Ila mrija ulifunika tawi la mkono wa kushoto.
Mkono huu hupoa kabla ya chai.
Nikizungusha spana mara tatu, unaniaga.
Kliniki, nesi mgeni aliupima, akachangamka:
"Tisini na tano! Presha imetulia, baba."
Nikamwambia, mwanangu, huo mkono mwongo,
uliza wa kulia.
Akauliza. Mia na sabini na mbili.
Hakuchangamka tena.

Sauti nayo ilibaki hukohuko mezani.
Nikimwita Gwantwa aniletee maji,
anainuka kwenda kupaka bawaba mafuta.

Kisha skani ya Mbeya ikaleta neno lake:
damu inavujia nyuma ya mrija.
"Kidogo," alisema daktari. "Tuipe miezi sita."
Kidogo!
Mimi kidogo nakijua.
Kidogo kililaza ukuta wa jiko la mama Atuganile,
na kilianza kwa rangi kuvimba, ukubwa wa sarafu,
na ni mimi niliyemwambia asihangaike.

Usiku, mji ukilala na koki zikifungwa,
ndipo fundi husikiliza:
ncha moja ya fimbo ya chuma kwenye bomba,
ncha nyingine sikioni.
Bomba zima hunyamaza.
Bovu hunong'ona.

Jana Tupokigwe aliitoa fimbo nyuma ya mlango.
Aliipasha kwanza kwa viganja,
akaiegemeza mgongoni, chini ya bega,
akainamisha sikio.
Nikazuia pumzi.

"Unasikia nini?"

Alikawia. Jiko la mkaa lilitoa cheche, likatulia.

"Mvua," akasema.
"Bati lote linalia. Ngoja ikatike."

Tukuyu, mwezi wa nne.
Tukangoja.