Mikeka Miwili

Mimi nasuka wangu kwa ukindu wa Micheweni,
Shaame anasuka wake kwa kidole gumba.
Ukumbi mmoja, hapa Konde,
umeme umekatika, simu yake ndiyo taa.

"Gofu, mama. Siku nne. Kiwanja cha pwani,
hakina mti hata wa kufungia mbuzi."
Ananisomea majina kama kadhi asomaye mirathi:
huyu anapiga mbali, huyu kabeba kombe mwaka jana,
huyu ukimwekea elfu mbili warudi na laki na nusu.

Nikamuuliza: na upepo je?

"Upepo haumo kwenye orodha."

Basi nionyeshe wanavyopiga.
Nikaona mmoja, mrefu, kipira chake chapaa
kama kishada kilichokatika uzi.
Mwengine, mfupi, kofia kaivuta hadi masikioni;
chake kilikwenda chini chini, kikadunda,
kikatambaa na majani kama kaa anayelijua tundu lake.

Huyo, nikasema. Wa kaa.

"Huyo hana jina, mama."

Kamari siitaki, na pesa yangu sikumpa.
Lakini Jumapili, baada ya magharibi,
vidole vimo katika ukili,
nilijikuta nauliza mara ya tatu:
yule wa kaa kafika wapi?

Shaame kimya. Mkeka wake umechanika tangu Ijumaa.
Wangu umebakia shubiri mbili,
na kwenye kioo cha simu, mvua ya ubavuni,
kaa anainama, anaokota kipira,
anakifuta kwa suruali.