Daftari la Zaka

Jumapili ya kwanza baada ya Pasaka
Mchungaji Mwachofi hakufungua Biblia,
alifungua kisanduku cha mashine ya presha.
Akaiweka mezani, pale pale tunapohesabia sadaka,
juu ya kitambaa nilichokidarizi mwenyewe,
akasema kuanzia leo mwili nao utahubiriwa.

Mimi nilikuwa nyuma, mlango wa jikoni,
karai langu limeanza kuimba.

Miaka kumi na minane nimelikandia kanisa hili unga.
Iliki natwanga mwenyewe, tui nalichuja usiku wa Jumamosi,
na hamri langu likitua mafutani hufura
kama shavu la mtoto aliyeambiwa anyamaze.
Hayo mabati, safu tano za kwanza kutoka madhabahuni,
ni mahamri.
Kipaza sauti kile kinachokoroma, mahamri.
Leo naambiwa chai ya mkandaa,
na kiazi kitamu.
Nikasema moyoni: Bwana, wanafukuzwa wachawi ama wapishi?

Walipanga foleni kama siku ya Meza ya Bwana.
Shemasi Mwakale, besi wa kwaya, alikataa kunyoosha mkono.
"Damu yangu ilishalipiwa," akasema. Watu wakacheka.
Mghoi, muuguzi wa zahanati ya Miritini, hakucheka.
"Iliyokulipia ni ya msalabani, Shemasi.
Hii yako bado unadaiwa.
Vua koti."

Katibu hakuwa na kitabu kipya.
Aligeuza daftari la zaka nyuma mbele,
akaandika majina, na mbele ya kila jina, namba.
Langu: mia na themanini na mbili kwa mia na nne.
Sijawahi kutoa kiasi hicho.

Mghoi akafunga tena ule mkanda,
ukanibana kama mkono wa mtu anayetaka kuniambia neno kando.
Namba ikarudi ile ile.
"Mama Kadzo, kichwa hakikuumi?"
Huniuma. Nilidhani ni moshi.
"Na macho?"
Nilidhani ni umri.
"Na baba Kadzo, alikufa na nini?"

Alikufa na mguu.
Kidonda kidogo cha kiatu, kidole cha mwisho.
Tulikiombea. Tulikipaka mafuta. Tulifunga siku tatu,
naye akiamka mara sita usiku kunywa maji,
tukasema ni joto la Mombasa.
Dada yake akaleta mganga, nikamfukuza kwa jina la Yesu,
nikahesabu huo ndio ushindi.
Hospitalini Makadara daktari aliinua shuka, akairudisha.
Walikata chini ya goti.
Kisha juu ya goti.
Na kila jioni wodini nilimpelekea, kwa mapenzi,
mahamri mawili ya moto ndani ya leso.

Sikumjibu Mghoi.
Nilirudi jikoni nikayamwagia makaa maji.
Mafuta yalichelewa kupoa.
Neno ni moja tu, niliwaza: mafuta,
ya kichupa cha mchungaji na ya karai langu,
na katikati mtu wangu amelala,
hakuna aliyemuuliza kiu ile inatoka wapi.

Siku hizi, Jumanne jioni, tunatembea,
kina mama tisa, raba za mitumba, leso viunoni,
Mikindani hadi Jomvu na kurudi,
malori ya kontena yakitupaka vumbi la bandari.
Wanawake wa msikiti wa kona wakatuuliza, mwakimbilia wapi?
Tukawaambia, twaikimbia sukari.
Wiki ya pili wakaja wawili, na mabuibui yao,
na mwendo wao ukatuaibisha.

Shemasi humeza kidonge kabla ya wimbo wa kwanza,
amejificha nyuma ya kitabu, kama anaiba.

Kiazi kitamu bado sikipendi.
Jumapili iliyopita namba yangu ilikuwa mia na arobaini na nane,
Katibu akaiandika, akaipigia mstari.
Lakini usiku wa Jumamosi mikono hii haijaokoka:
hukanda yenyewe gizani, juu ya shuka,
unga usiokuwepo,
upande ule wa kitanda.